Uliza Jina Lake Kabla Hujakichoma: Vinyama vya Ngozi Baina ya Dawa za Nyumbani na Hospitali

(Mada iliyotolewa kwenye darsa la vijana na wazazi, baina ya Alasiri na Magharibi, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Nimepewa dakika chache kabla ya adhana. Najua saa hizi macho yako hapa lakini nyoyo ziko kwa kaimati na uji. Mimi pia nimefunga, kwa hivyo sitawachosha.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea ualimu, na kabla ya hapo nilikaa madrasa miaka mingi mbele ya walimu wangu, Allah awalipe kheri. Ya dini nitakayoyataja nimeyapata kwao. Ya tiba nimeyapata kwa kuwauliza madaktari na kusoma. Nikipatia ni kwa tawfiq ya Allah, nikikosea ni upungufu wangu.

Nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa umbo ni dogo: vinyama, mawaa na vidonda vinavyotokea kwenye ngozi, na vile tunavyovitibu wenyewe majumbani. Huenda mtu akasema, ah, hiyo nayo ni mada ya Ramadhan? Nivumilieni, nitawaeleza kwa nini nimeichagua.

KISA CHA NYANYA YANGU

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa akiishi Malindi. Nililelewa kwake miaka yangu ya shule ya msingi kwa sababu mamangu alikuwa akifanya kazi Mombasa. Alikuwa akiniita "mume wangu", kama nyanya zetu wa Pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na kazi ya huyo mume kila siku baada ya Isha ilikuwa ni kumkanda miguu.

Mwaka 2016, nikiwa darasa la saba, niliona waa jeusi kwenye unyayo wake wa kushoto, karibu na kisigino. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mbaazi. Nikamuuliza, "Nyanya, hii ni nini?" Akanijibu, "Mwiba wa zamani huo, mume wangu. We kanda tu."

Nikakanda.

Miezi ikapita, waa likapanuka. Kingo zake zikawa zimekatika-katika, upande mmoja mweusi tititi na upande mwingine wa hudhurungi. Katikati kikainuka kinyama. Lakini hakikumuuma, na hilo ndilo lililotudanganya. Tulidhani ugonjwa mbaya ni lazima uume.

Basi dawa zikaanza. Kwanza mafuta ya habbat sauda na asali. Halafu jirani yetu, mama mwema sana, akatuletea utomvu wa papai bichi. Halafu kitunguu thaumu kilichopondwa, kikafungiwa kitambaa usiku kucha mpaka ngozi ikababuka. Mwisho mjomba wangu akaja na dawa nyeusi ya kupaka kutoka kwa mganga mmoja wa mitishamba. Ndani yake mlikuwa na nini hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Aliyekuwa akiipaka ni mimi, kwa kijiti, siku saba mfululizo. Nyanya alikuwa akiuma ncha ya leso yake ili asipige kelele.

Siku ya tisa likatoka gamba jeusi, na baada ya wiki kadhaa kidonda kikafunga. Mjomba akachinja kuku. Sote tukasema alhamdulillah, kimetoka na mizizi yake.

Mwaka 2018 akavimba mtoki, mguu ule ule wa kushoto. Tukaanza tena na maji moto. Alipofikishwa hospitali hatimaye, daktari aliyemwona, mwanamke kijana, aliutazama ule mtoki, kisha bila kuambiwa na mtu akaugeuza unyayo. Akaliona kovu. Akauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Tukatazamana. Tulichoweza kusema ni "kinyama". Akauliza tena, "Kilipotoka, kilipelekwa maabara?"

Lile gamba nililitupa mimi mwenyewe, jaani.

Kikakatwa kipande cha mtoki, kikapimwa. Jibu likaja kuwa ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi, na kwamba ilikuwa imeshasafiri mwilini. Nyanya yangu alifariki mwezi wa Shaaban 1440, yaani Aprili 2019. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Ramadhan ile hakuifikia.

Ndugu zangu, sisemi kwamba angekwenda mapema ni lazima angepona. Ajali ya mja iko kwa Allah. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na karibu miaka miwili mikononi, na miaka hiyo yote tuliitumia kutibu kitu ambacho hatukujua jina lake.

DAWA YA KUTOJUA

Kuna kisa tulichofundishwa madrasa, kimepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Jabir (RA). Maswahaba walikuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa, na maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza.

Nilikisoma kisa hiki nikiwa mdogo kama somo la tayamamu. Baada ya msiba wetu nikakisoma upya. Wale hawakuwa maadui wa yule majeruhi, walikuwa ndugu zake. Walimtakia mema, wakaogopa kukosea dini. Hata hivyo nia yao njema haikumwokoa, kwa sababu walitoa jibu pahala ambapo walipaswa kuuliza swali. Na sisi nyumbani kwetu tulikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyemchukia nyanya. Jirani alimpenda, mjomba alimpenda, nami nilimpenda kuliko wote. Lakini kila mmoja alikuja na jibu, na hakuna aliyekuja na swali.

Iko na hadithi nyingine, katika Abu Dawud na wengineo, yenye maana kwamba mtu anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa elimu hiyo, basi anabeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Wapakaji dawa tuizingatie hiyo. Ukimpaka mtu kitu cha kuchoma ngozi hujabeba kijiti tu, umebeba amana.

JE, HABBAT SAUDA NA ASALI?

Najua kuna kijana hapa ameshaanza kusema moyoni, "Huyu amekwenda chuo kikuu sasa anadharau tiba ya Mtume." A'udhu billah. Hadithi ya habbat sauda kuwa na shifaa iko katika Sahihi Bukhari, naiamini, na chupa yake iko nyumbani kwetu hadi leo. Asali imetajwa katika Qur'an, na hata hospitalini kuna asali maalumu iliyosafishwa inayotumiwa kufungia vidonda.

Lakini huyo huyo Mtume (SAW) alipoulizwa na mabedui kama watafute matibabu, aliwaamrisha waja wa Allah wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa yake, isipokuwa uzee. Na wanazuoni wetu waliposherehesha hadithi hizi walisema kwamba dawa ni lazima ioane na ugonjwa. Sasa utaoanisha vipi dawa na ugonjwa usioujua?

Wala hospitali haizidharau mimea. Mnalijua lile ua la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano na majani ya kung'aa, linaloota lenyewe vibarazani kwetu hata makaburini? Wataalamu wanaliita vinka, na asili yake ni Madagaska. Kutokana nalo imetolewa dawa inayoitwa vinkristini, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, na hadi leo inatibu saratani ya damu ya watoto na ile saratani ya ngozi inayoitwa Kaposi. Tofauti ni kwamba hospitalini dawa hiyo imesafishwa, imepimwa kwa kiasi cha mwili wa mgonjwa, na inadungwa kwenye mshipa baada ya ugonjwa kujulikana. Ukichemsha majani yake nyumbani umechemsha sumu, na hujui umekunywa kiasi gani.

KWA NINI TUNADHANI ZINAFANYA KAZI

Kila mmoja wetu ana kisa cha mtu aliyepaka kitu fulani kikatoka. Chunjua, kwa mfano. Kuna anayefunga uzi, kuna anayepaka utomvu, kuna anayeoshea siki, na wote wanasema wamepona. Na ni kweli wamepona! Chunjua huletwa na virusi, na kwa watoto nyingi hutoweka zenyewe baada ya miezi au katika miaka miwili hivi, mwili ukishavishinda. Kwa hivyo dawa yoyote utakayokuwa nayo mkononi siku hiyo ndiyo itakayopewa sifa. Chunjua ikimkera mtoto, duka la dawa lina dawa ya asidi ya salisili inayojulikana vipimo vyake. Ila usiitumie usoni wala sehemu za siri, na mwenye kisukari asijichokoe miguu bila daktari.

Shida inaanza pale tunapochukua mazoea ya chunjua tukayapeleka kwa kila kinachoota. Nyingi ya vinyama si saratani, alhamdulillah. Lakini kwa macho tu, vibaya na vizuri vinaweza kufanana hata mbele ya daktari. Ndiyo maana yeye hukata kipande akakipeleka kwenye darubini.

Na dawa ya kuchoma ina hatari mbili. Ya kwanza, inaua kilicho juu na kuacha kilicho chini. Saratani ya melanoma hupimwa kwa kina chake, kwa milimita. Ile ambayo haijafika milimita 1 kwenda chini mara nyingi huishia kwa upasuaji tu. Ikizama zaidi hufikia njia za damu na maji ya mwili, ikasafiri hadi kwenye mitoki, mapafu na ini. Gamba likianguka na ngozi ikafunga juu yake, mmelifungia adui mlango akiwa ndani. Hatari ya pili ni kwamba imechoma ushahidi. Daktari akija baadaye hana cha kupima.

Niwape mfano. Huko Marekani kuna daktari aliyeitwa Frederic Mohs. Miaka ya 1930 alikuwa akipaka dawa kali ya kloridi ya zinki juu ya saratani za ngozi. Mtaniambia, si ndiyo hiyo hiyo dawa ya kuchoma? Ndiyo, na hadi leo kuna marhamu nyeusi zenye kemikali hiyo zinazouzwa kama tiba ya saratani, na mamlaka ya dawa ya Marekani imewaonya watu wasizitumie. Lakini Mohs baada ya kupaka alikuwa akikata tabaka moja, anaitazama kwa darubini kila upande, na akiona saratani imebaki, anakata tena pale pale palipobaki, mpaka asione kitu. Baadaye hata ile dawa ikaachwa, ukabaki ukataji na darubini, na njia hiyo inatumika hadi sasa kwa jina lake. Kwa hivyo kilichoponya si kule kuchoma. Ni kule kutazama.

NI KIPI CHA KUTILIA SHAKA

Kuna dhana kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu. Ni kweli wao wanaipata zaidi kwa sababu ya jua. Sisi weusi tunaipata kwa uchache, lakini inapotupata hupenda kukaa pale tusipotazama: kwenye nyayo, viganja, na chini ya kucha. Melanoma ya nyayo haitokani na jua.

Mtamkumbuka yule mwanamuziki wa Jamaika ambaye picha zake zimejaa kwenye matatu zetu, Bob Marley. Mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kikatwe akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi. Saratani ikasambaa. Miezi yake ya mwisho alikwenda Ujerumani kwenye kliniki ya daktari aliyekuwa akitibu kwa njia zisizo za kawaida, na tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami akiwa na miaka 36. Pesa alikuwa nazo na madaktari alikuwa nao. Alichokuwa amepoteza ni wakati.

Basi nendeni mkaonyeshe mkiona moja kati ya haya:

Waa ambalo nusu yake moja haifanani na nyingine, au kingo zake zimekatika-katika, au lina rangi zaidi ya moja, au limepita upana wa milimita 6, kiasi cha kifutio cha nyuma ya penseli. Zaidi ya yote, waa linalobadilika, hata kama ni la kuzaliwa nalo.

Mstari mweusi kwenye ukucha unaopanuka, au weusi uliotoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni. Sisi weusi wengi tuna mistari kwenye kucha isiyo na neno, lakini unaopanuka kwenye kidole kimoja si wa kupuuza.

Kidonda kisichopona kwa wiki nne, au kinachofunga na kufumka. Na zaidi kovu la zamani la moto au kidonda sugu ambacho baada ya miaka kimeanza kuota nyama. Hii ina jina lake, inaitwa kidonda cha Marjolin, na ni saratani.

Mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi miguuni, usoni au mdomoni. Huenda ikawa ni ile Kaposi. Inaweza kuja na upungufu wa kinga, na inaweza pia kumpata mzee asiye na virusi vya UKIMWI kabisa. Kwa hivyo ndugu zangu, tusimtazame mgonjwa kwa jicho la dhana. Baadhi ya dhana ni dhambi.

Na ndugu zetu wenye ualbino wana hatari kubwa kuliko sote, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kuikinga na jua. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kwao si urembo, ni tiba. Kwa mtoto mwenye ualbino, kila kigaga usoni kisichopona kionyeshwe.

KISU HAKIAMSHI SARATANI

Sasa nijibu yale tunayoambizana.

La kwanza: "Usikate, kisu kikigusa tu, inasambaa." Nimelisikia hili matangani kwetu wenyewe. Lakini tazameni, watu wetu wanafika hospitali ugonjwa umeshasafiri. Wanakatwa, wanakufa, tunasema kisu kimewaua. Kukata kipande cha ngozi kukipima si kunakosambaza saratani. Na elimu hii si ya wazungu peke yao. Al-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika kwamba saratani ikiwa changa na iko pahala inapoweza kutolewa yote, itolewe yote, na ikishakuwa kubwa na ya zamani isiguswe, kwani hakuwahi kumponya mtu wa hali hiyo. Ibn Sina naye katika al-Qanun alifundisha kwamba iliyo ndogo ndiyo ya kutarajiwa, na ikikatwa ikatwe pamoja na mizizi yake. Zaidi ya miaka elfu moja imepita tangu aandike al-Zahrawi, na Waislamu tuko hapa tunaambiana tungoje!

La pili: aibu. Dada anaona kitu pahala pa siri, ananyamaza. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Omba daktari wa kike, ni haki yako kuomba. Asipopatikana, sheria yetu inaruhusu kwa dharura kufunua kiasi cha haja, na uende na mahram au dada mwenzio.

La tatu: pesa. Si kila mtu aanzie kwa bingwa. Anzia zahanati au kituo cha afya cha mtaani, uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti. Jiandikisheni kwenye SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure. Na sisi vijana tunaochanga kwa harusi na safari za matembezi, hatushindwi kuchanga nauli ya mgonjwa na ada ya maabara. Hiyo ni sadaka, na mwezi wake ndio huu.

La nne: "Tungoje Ramadhan iishe." Sindano ya ganzi si chakula wala si kinywaji, na wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema haivunji saumu. Muulize imamu wako utulie moyo. Na hata ikibidi kufungua, mgonjwa ana ruhusa ya Allah, atalipa siku nyingine.

Na mkifika huko, jambo moja mlishike. Kikitolewa chochote mwilini, kiwe kidogo namna gani, uliza kwa adabu: "Daktari, hiki kinakwenda maabara?" Kisha ufuatilie majibu mpaka uyashike mkononi. Laiti ningelijua swali hilo nikiwa darasa la saba.

TUANZE LEO

Miaka miwili iliyopita mjomba wangu, yule yule aliyeleta dawa nyeusi, aliona weusi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Hakumwambia mtu. Mimi ndiye niliyeuona tukitawadha. Nikamwambia, "Mjomba, hiki tunakwenda kukiuliza jina." Akanitazama kwa muda, akasema, "Twende." Kilipimwa, kikawa ni damu iliyoganda tu, alibanwa na jiwe shambani akasahau. Tulirudi nyumbani tukicheka. Kuku akachinjwa tena, na safari hii tulijua tunamchinjia nini.

Ndugu zangu, sisi ni umma ambao mara tano kwa siku tunaosha miguu na kupitisha vidole baina ya vidole. Tumepewa nafasi ya kuitazama miili yetu kuliko watu wengine wote, lakini tunaosha bila ya kuangalia. Leo mkitawadha kwa Magharibi, geuzeni nyayo mzitazame. Tazameni viganja na kucha. Na wale wenye wazazi na nyanya wasioweza tena kuinama wakaona nyayo zao wenyewe, baada ya tarawehe kaeni miguuni mwao, mkande na mtazame. Ukiona waa, usikubali kuambiwa "we kanda tu".

Tupake habbat sauda, tunywe asali, tusome ruqya na tumwombe Allah, kwani mponyaji ni Yeye peke Yake. Lakini lile tusilolijua tuwaulize wenye kulijua, na tuwaulize mapema.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wafanyie wepesi wanaowauguza, wazidishie elimu na huruma matabibu wetu, na uwarehemu waliotutangulia. Namwombea nyanya yangu, na nawaomba nanyi mmwombee: Ewe Mola, mghufirie, umpanulie kaburi lake, na utusamehe sisi tuliompenda bila ya kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.